Barua ya wazi kwa wasimamizi wa masafa: antena tutaunda wenyewe, taarifa hatuwezi

Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya masafa na utangazaji,

Nawaandikia nikiwa mmoja wa watazamaji wasiolipia kifurushi cha mwezi, nao hawaoni aibu kwa hilo, kwa kuwa wanachopokea ni haki yao: matangazo ya televisheni yanayorushwa angani bila kufungwa, kutoka katika minara ambayo leseni zake mmezitoa ninyi, kwa kutumia masafa ambayo ni mali ya umma. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiunda antena na kuwasaidia wengine kuunda zao, na kazi hiyo imenifikisha kwenye neno moja ninalotaka kuliweka mbele yenu. Wengi wanaokosa picha nzuri wana uwezo wa kupata antena inayofaa, iwe ya kuunda kwa mikono au ya kununua kwa bei nafuu. Wanachokosa ni taarifa ambazo tayari mnazo katika majalada yenu, na ambazo hakuna mtu awezaye kuzitengeneza kwa nyundo na koleo.

Niruhusuni nieleze kwanza sehemu ya mwananchi, ili mwone jinsi ilivyo nyepesi. Matangazo ya televisheni katika masafa ya UHF, yaani masafa ya juu yanayobeba sehemu kubwa ya televisheni ya angani, kwa sehemu kubwa ya dunia, yako kati ya megahezi 470 na 694. Antena ya msingi kabisa, ile ya fito mbili zilizonyooka kwenye mstari mmoja huku kebo ikiunganishwa katikati, hupokea vizuri pale urefu wake wote unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi nao hupatikana kwa kugawanya 300 kwa idadi ya megahezi, na jibu huwa katika mita. Kituo kilicho kwenye megahezi 600 kina wimbi la nusu mita, kwa hiyo fito mbili zenye jumla ya sentimita 24 hivi zinakitosha, na hata mtu akitaka kuligusa eneo lote la UHF nililolitaja, vipimo vyake vitakuwa kati ya sentimita 20 na 32 tu. Waya mnene wa shaba au wa alumini, kipande cha ubao mkavu, skrubu chache na kebo ya antena ya omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) vinamaliza kazi kwa yule anayeishi karibu na mnara.

Anayeishi mbali zaidi anaweza kupanga jozi nne za fito zilizokunjwa kwa umbo la V, jozi moja juu ya nyingine, akaziunganisha kwa nyaya mbili zinazopita katikati, kisha akaweka wavu wa chuma nyuma yake kwa umbali wa sentimita kumi na kitu, wenye matundu yasiyozidi sentimita 4. Kwenye mahali pa kuungia kebo huwekwa kifaa kidogo kiitwacho baluni, kinachooanisha omu 300 za antena na omu 75 za kebo. Antena ya namna hiyo, ikipimwa vizuri na kukazwa vizuri, inaweza kukusanya nguvu inayokaribia mara kumi ya ile ya fito mbili za kawaida, na sijaona sababu ya mtu yeyote kuidharau kwa kuwa imetoka karakana ya nyumbani. Ile nyingine yenye fito nyingi sambamba, inayoonekana juu ya mapaa duniani kote, ilitokana na kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi huko Sendai, Japani, katika miaka ya 1920, na kanuni zake hazijabadilika hadi leo.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona antena zikiuzwa kwa jina la antena za dijitali, kana kwamba fito ya chuma inajua iwapo wimbi linaloipitia limebeba analojia au dijitali. Haijui. Kinachotofautisha ni king'amuzi au kipokezi kilichomo ndani ya televisheni yenyewe. Wapo watu walioshauriwa kutupa antena nzima za juu ya paa wakati matangazo yalipohama kutoka analojia, kisha wakauziwa vibao vyembamba vya kubandika ukutani visivyofikia hata nusu ya uwezo wa zile walizozitupa. Tamko moja la wazi kutoka kwenu, lililotolewa kwa wakati, lingetosha kuzuia hasara hiyo.

Sasa nije kwenye taarifa, kwa sababu hapo ndipo mwananchi anapokwama hata akiwa na mikono hodari kiasi gani.

Wakati wa analojia picha yenyewe ilikuwa mwalimu. Ukigeuza antena kidogo, chenga zinapungua; ukiigeuza zaidi, zinaongezeka; ukiona kivuli cha picha pembeni, unajua wimbi linagonga jengo au kilima kabla ya kukufikia. Hata mtu asiyejua mnara uko wapi aliweza kuufikia kwa kufuata macho yake. Dijitali imetupa picha safi na vituo vingi zaidi, jambo ninalolishukuru kwa dhati, lakini imetunyima mwalimu huyo. Wimbi likiwa juu ya kiwango kinachohitajika, picha ni kamilifu. Likishuka chini yake kidogo tu, picha inaganda, inavunjika vipande vipande, kisha kioo kinabaki cheusi. Anayeelekeza antena upande usio wake haoni chochote kinachomwambia kuwa amekaribia au amepotea, na hitimisho analofikia kwa kawaida ni kwamba antena yake ni mbovu, ananunua nyingine, nayo anaielekeza kulekule.

Mtu huyo angehitaji kuambiwa mambo machache tu. La kwanza ni mnara unaomhudumia uko upande gani na umbali gani kutoka alipo. La pili ni masafa ya kila mkondo, yaani kifungu cha vituo vinavyorushwa pamoja kwenye masafa mamoja, kutoka mnara huo, kwa sababu bila namba hizo hawezi kufanya utafutaji wa mkono kwenye king'amuzi chake, na utafutaji wa kujiendesha wenyewe huuruka mkondo wowote ambao, kwa dakika ile, wimbi lake ni dhaifu. Mwenye namba huingiza masafa, hutazama mstari wa ubora wa wimbi kwenye kioo, kisha hugeuza antena taratibu hadi mstari huo upande juu, akikumbuka kuwa mstari wa nguvu pekee unaweza kumdanganya. Hiyo ndiyo njia pekee ya uhakika ninayoijua kwa asiye na kipimo cha kitaalamu, nayo haiwezekani bila jedwali la masafa.

Tena ni lazima aambiwe kama vituo vyake vyote viko UHF, au vipo vilivyobaki kwenye VHF, masafa ya chini zaidi yaliyo kati ya megahezi 174 na 230. Huko wimbi ni refu zaidi, na kituo cha megahezi 200 kinataka fito zenye jumla ya sentimita 70 hadi 75. Mtu aliyeunda antena ya UHF kwa uangalifu wote atakosa kituo hicho, naye ataamini kuwa amekosea vipimo, ilhali hakukosea lolote isipokuwa kutojua.

Ipo pia habari ya mkao wa mawimbi, ambayo nimeona ikiwatesa watu kuliko zote na ndiyo inayotajwa mara chache zaidi. Minara mingine hurusha mawimbi ya mlalo na mingine ya wima, na fito za antena zinapaswa kulala au kusimama kulingana na mnara. Fito zikiwa zimelala huku wimbi limesimama, hasara inaweza kufikia desibeli 20, yaani mtazamaji anabakiwa na sehemu moja tu ya mia ya nguvu aliyostahili kupata. Dawa yake ni kulegeza skrubu moja na kuizungusha antena robo ya duara. Neno moja katika jedwali lenu, mlalo au wima, linaweza kuokoa antena nzima isitupwe.

Urefu na nguvu ya mnara navyo vinastahili kutangazwa, kwani vinamwezesha mtu kujua mapema kama juhudi yake ina matumaini. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 9 kutoka ardhini vinaonana, katika ardhi tambarare, hadi umbali wa kilomita zipatazo 53. Zaidi ya hapo mawimbi hufika kwa kupinda, yakiwa yamedhoofika, na milima huharibu hesabu hiyo yote. Anayejua hayo hatatumia pesa kwenye kibao cha dirishani kinachonadiwa kuwa kinavuta vituo kutoka mamia ya kilomita.

Taarifa hizi zote mnazo. Hakuna mtambo unaopewa leseni bila masafa, nguvu, urefu, mkao wa mawimbi na mahali ulipo kuandikwa na kupimwa na wahandisi wenu. Sitaki kuamini kuwa kuna anayezificha kwa makusudi. Nadhani zimeachwa katika lugha ya wahandisi na katika nyaraka ambazo mwananchi hazifikii. Na kwamba jambo hili linawezekana si la kubishaniwa. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ina ramani ambayo mtu huingiza anwani yake na kuona vituo anavyotarajiwa kuvipata pamoja na upande vinakotokea. Nchini Uingereza mtazamaji huingiza msimbo wa posta, akaonyeshwa hali ya mapokezi ya mahali pake. Tunaomba jambo la aina hiyo, hata kama litaanza kwa jedwali la kawaida lisilo na ramani, mradi liwe katika lugha ambayo watu wanaitumia nyumbani, na mradi lisiishie kwenye intaneti pekee. Asiyekuwa na intaneti ndiye anayeitegemea zaidi antena. Jedwali hilo libandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, na litangazwe redioni na kwenye vituo vyenyewe.

Taarifa hizo pia zinachakaa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Masafa yanapobadilishwa, mtazamaji huamka na kukuta vituo vimepotea, wakati dawa yake ingekuwa kutafuta vituo upya kwa dakika chache. Baada ya mnada wa masafa uliokamilika Marekani mwaka 2017, karibu vituo elfu moja vililazimika kuhamia mikondo mingine kwa awamu hadi mwaka 2020, na watazamaji walikuwa wakitangaziwa tarehe za kila awamu ili watafute vituo vyao tena. Mabadiliko madogo zaidi ya hayo hufanyika kila mahali, mara nyingi bila tangazo lolote. Ombi langu ni kwamba hakuna mkondo utakaohamishwa wala kuzimwa kabla ya tangazo kupita kwenye kioo, kwenye mkondo uleule, kwa wiki kadhaa, likitaja siku, saa na masafa mapya.

Kuhusu haki ya kuweka antena, sina maneno mengi, kwani jambo lenyewe liko wazi. Wako wapangaji na wakazi wa majengo ya pamoja wanaokatazwa kuweka antena hata kwenye roshani zao wenyewe kwa sababu ya mwonekano wa jengo, kisha wanaelekezwa kwa mtoa huduma mmoja wa kulipia. Marekani ililishughulikia hili mwaka 1996 kwa kanuni inayozuia, kwa ujumla, masharti ya wenye majengo na vyama vya wakazi yanayomnyima mtu antena ya matangazo ya kawaida katika eneo analolitumia peke yake, huku ikiruhusu masharti ya usalama. Kanuni fupi ya namna hiyo haina gharama kwa hazina. Na kwa kuwa nimetaja usalama, mwongozo wenu uwaeleze watu bila kuwatisha: nguzo ya antena isisimamishwe mahali ambapo ikianguka itagusa nyaya za umeme, na antena ya nje iunganishwe na waya wa athi, yaani waya unaozama ardhini, kwa sababu radi haichagui kati ya antena ya dukani na ya nyumbani.

Soko linahitaji jicho lenu pia. Leo boksi la antena linaweza kuandikwa umbali wowote ambao muuzaji ameupenda, na hakuna anayemuuliza. Antena yoyote inayouzwa ingelazimishwa kuonyesha masafa inayoyapokea, uwezo wake uliopimwa katika VHF na UHF kila moja peke yake, na kama ina busta, yaani kifaa cha kukuza wimbi, au haina. Busta zenyewe zimekuwa chanzo cha pesa nyingi kupotea bure. Kifaa hicho hukuza kile kilichokifikia, kelele zikiwemo. Hakiwezi kukuza ambacho antena haikukipata. Kina manufaa kinapowekwa juu kabisa, karibu na antena, ili kufidia kinachopotea njiani, kwani kebo nzuri ya mita 30 inaweza kupoteza desibeli 5 au 6 katika masafa ya UHF. Kikiwekwa kwa mtu aliye karibu na mnara, au karibu na mtambo wa simu unaotumia masafa jirani, kinalemewa na kuiharibu hata picha iliyokuwa nzuri. Pale mitandao ya simu inapopewa masafa yaliyopakana na ya televisheni, ni haki kampuni hizo ndizo zigharimie vichujio vya watazamaji wanaoathirika, badala ya mtazamaji kuachwa ahangaike na paa lake.

Naomba pia mlilinde lenyewe neno bure. Kituo chenye leseni ya kurusha bila malipo kisifungwe ndani ya king'amuzi cha kulipia kiasi kwamba kifurushi kikiisha nacho kinatoweka. Kila televisheni inayoingizwa sokoni iwe na kipokezi cha mfumo unaotumika nchini, uwe DVB-T2, ISDB-T au ATSC, na ieleze hivyo kwa maandishi makubwa nje ya boksi, ili mtu asinunue king'amuzi asichokihitaji. Wakati Marekani inazima mitambo mikubwa ya analojia mwaka 2009, kaya ziliweza kuomba kuponi zisizozidi mbili za kupunguziwa bei ya ving'amuzi vya matangazo ya bure. Serikali ilikiri kwamba yeye aliyebadilisha mfumo ana wajibu kwa aliyebadilishiwa.

Kuhusu masafa yenyewe, najua kuna shinikizo kubwa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia ya UHF katika Ulaya, Afrika na nchi jirani zao, na nafasi iliyopatikana juu ya megahezi 694 imekwenda kwa kiasi kikubwa kwenye simu. Sipingi hatua hiyo, kwa kuwa dijitali iliiruhusu: mkondo mmoja wa megahezi 8 uliokuwa ukibeba kituo kimoja cha analojia sasa unaweza kubeba zaidi ya vituo kumi vya ubora wa kawaida. Lakini mustakabali wa megahezi 470 hadi 694 nao ulijadiliwa katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Dubai mwaka 2023, na mjadala huo haujafungwa. Mnapokwenda kwenye mikutano hiyo, nawasihi mkumbuke kuwa mnara unaporusha onyo la mafuriko au la mlipuko wa ugonjwa, gharama yake ni ileile akitazama mtu mmoja au watu milioni moja. Hakuna bando linalokatika, hakuna mtandao unaolemewa, na hakuna anayejua nani alitazama nini. Sijui huduma nyingine ya picha inayoweza kusema hayo yote kwa pamoja. Masafa yakishauzwa, ni vigumu mno kuyarudisha, na antena zote tulizoziunda zitabaki vyuma tu.

Natambua kuwa kanuni za wapangaji, lebo za boksi na misimamo ya mikutano ya kimataifa huchukua muda. Jedwali la minara halihitaji sheria mpya wala bajeti mpya. Kwa hiyo naomba lianze hilo, hata likiwa na minara michache ya majaribio: jina la mnara, mahali ulipo, urefu, nguvu, masafa ya kila mkondo, mlalo au wima, na tarehe ambayo taarifa hizo zilihakikiwa mara ya mwisho. Naomba pia mlitoe katika mfumo huru ambao mafundi, walimu wa fizikia na wapenzi wa elektroniki wanaweza kuuchukua na kutengeneza ramani na vikokotoo vyao. Mkilitangaza, sisi tunaopanda mapaani tutalijaribu mahali kwa mahali na kuwaletea kwa maandishi yale yasiyolingana na tunachokipokea, na ningependa mtuelekeze ofisi ambayo itapokea maandishi hayo na kuyajibu.

Natanguliza shukrani.

Wenu,
Mtazamaji na muundaji wa antena